Misumari ya Kombo

Nilipanda Myamba kukarabati nyumba ya mama nikiwa na hasira ambayo sikuona haja ya kuificha. Kazi ilikuwa moja: paa lirudi kabla ya masika, naye arudi kwake. Bendera, nilikoolewa, joto lilikuwa linammaliza. Homa ilimwacha wiki hii, wiki ijayo ikamrudia, na kila alipopata nafuu aliuliza kama migomba yake bado ipo. Niliapa kwamba hatafia bondeni, kwenye kitanda cha mkwe.

Aliyemfikisha huko ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Wakati wa operesheni ya vijiji alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alimwendea mama na uso wa huruma, akamwambia nyumba yake haimo kwenye ramani ya kijiji na itavunjwa, kwa hiyo afadhali mabati yavuliwe mapema, yatunzwe kwenye ghala la kijiji. Mama, mjane asiye na wa kumuuliza, akakubali. Alikaa vuli nzima chini ya majani ya mgomba, hadi nilipopata habari nikaenda kumchukua. Kijijini kwetu haikuvunjwa nyumba hata moja, na ghala la kijiji halikuwahi kuona bati la mama.

Nilikuta ukuta wa magharibi umelika kwa mvua na matofali yanamong'onyoka mkononi. Nikatafuta fundi. Alipanda juu, akagonga mapao kwa nyundo, vumbi la mchwa likatumwagikia machoni. Akasema upande wa bondeni tu ndio uliopona, lakini afadhali nikate yote kuni, tuanze upya. Nilishuka Same kutafuta vifaa, nikarudi na kibali cha saruji bila saruji. Mabati ndiyo usiseme. Duka la ushirika lilikuwa na majembe na chumvi, na muuzaji alinitazama kama niliyeomba ndege.

Nikiwa narudi nilipita kwa baba mdogo kusalimia. Jiko lake lilikuwa na paa jipya, jekundu, limepakwa rangi hadi kwenye kingo. Nilimwamkia, akaitika marahaba kwa sauti nene, akanipa pole ya safari na kikombe cha chai. Nilipoinua kichwa kunywa, nikayaona mabati kwa ndani, kusikopakwa rangi. Misumari yake ilikwenda sawasawa. Lakini kando yake kulikuwa na madoa ya lami, matundu ya zamani yaliyozibwa, yamepanda na kushuka bila mpango.

Nilikuwa naujua mstari ule. Baba hakuwa fundi. Kila alipouza kahawa aliongeza mabati, akapanda kuyapigilia mwenyewe, na misumari yake ilikwenda kombo tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Aliyemcheka kuliko wote ni huyu huyu mdogo wake, ambaye hata harusini kwangu alisimama akasimulia. Nilikunywa chai yake hadi mwisho. Ilikuwa tamu.

Nikamwambia fundi asiguse mapao ya upande wa bondeni, ambako mchwa hawakufika, ila akiulizwa njiani aseme mbao zote zimeoza. Alinitazama kidogo, akacheka, akaenda kuyasema.

Asubuhi baragumu la msaragambo lilipolia, kila kaya ilitoka na jembe kwenda kuzibua mfereji, na njia ilipita mbele ya nyumba yetu. Baba mdogo alitangulia, mwenyekiti wa kijiji akiwa kando yake. Nikawasimamisha. Nikamuuliza baba mdogo mbele ya watu wote kama yale mabati mekundu si ya mama. Akasema aliyanunua Same, na ya mama yalichukuliwa na kijiji. Mwenyekiti akageuka kumtazama.

"Niazime moja tu, baba mdogo," nilisema. "Likikataa kukaa kwenye mapao ya baba, nitakupigia magoti hapa hapa."

"Mapao gani, mwanangu? Si yameliwa yote?"

"Basi huna cha kuogopa."

Angekataa vipi? Bati likaletwa. Fundi alikwangua lami, akalilaza juu, akadondosha msumari kwenye tundu la kwanza bila kugusa nyundo. Ukazama kwenye tundu la zamani lililokuwa kwenye mbao. Akadondosha mwingine, ukazama, na mwingine, mstari mzima wa kombo. Bibi mmoja alianza kucheka peke yake. Baba mdogo alikuwa anatazama jembe lake.

Mwenyekiti aliagiza mabati yote yarudishwe siku ile ile. Vijana walijitolea kuyabeba, nikakataa. Nilitaka ayabebe mwenyewe, kichwani, akipita mbele ya watu waliokaa ukingoni mwa mfereji. Mama mmoja wa kanisani kwetu aliniambia inatosha, yule ni baba yangu. Kwangu haikutosha. Nilisimama mlangoni nikamhesabia kila safari, na moyo wangu ulikuwa mweupe.

Majirani walitukatia mapao ya upande wa pili, ukuta ukainuliwa, na mama akapandishwa siku chache kabla ya masika. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, baba mdogo alibisha hodi akiwa amelowa chapachapa. Alikuwa ameezeka jiko kwa majani ya mgomba na lilikuwa linavuja kila mahali. Alisimama kizingitini akaomba walau bati moja.

Nilikuwa nimemwekea maneno tangu Bendera. Mama akaniwahi. Alikuwa karibu na moto, blanketi magotini, akasukuma kigoda kwa mguu hadi chini kabisa ya ile misumari.

"Karibu ndani, shemeji," alisema. "Huku hakuvuji."

Akaingia, akakaa. Mama alimmiminia chai, akamwomba atazame juu, amwambie kama fundi amepiga sawa. Alitazama muda mrefu, akanywa chai yake hadi mwisho, na habari ya bati hakuirudia.