Aliyekula Bila Kushika Reki

Majira yote ya baridi Urmila aliwajua majirani zake kwa kofia. Kulikuwa na kofia nyekundu ya ghorofa ya chini, kofia ya manyoya ya ghorofa ya tatu, na kofia ya kijani yenye mbwa. Zikikutana naye kwenye ngazi ziliinama kidogo, zikapita. Akirudi chuo kikuu, alikokuwa anasomea mambo ya misitu, na mtoto wake Aarohi amemfunga ndani ya koti, alipanda ngazi polepole makusudi, labda leo mtu angefungua mlango amsemeshe. Hakuna aliyefungua.

"Zoea, mama Aarohi," mume wake Kiran alimwambia. Yeye alisafisha maofisi, akirudi nyumbani ni kulala tu. "Wafini wa hapa Joensuu wanaishi kama mayai kwenye trei. Kila mmoja na shimo lake."

Urmila alicheka, lakini moyoni aliumia. Kule kwao Nepal mtoto wa umri wa Aarohi angekuwa ameshabebwa na nusu ya mtaa. Huku alikuwa amebebwa na watu wawili tu, mama na baba.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa tano, theluji imeshayeyuka, uani pamebaki majani yaliyooza na kokoto zilizomwagwa wakati wa barafu ili watu wasiteleze. Asubuhi Urmila alisikia makoleo yanakwaruza. Akachungulia dirishani akaona watu wamevaa glovu na mabuti, wengine na reki, wengine na matoroli. Katikati yao kulikuwa na bibi mmoja mfupi amepinda mgongo, anakokota majani hadi mashavu yamemwiva.

"Mzee kama huyu bado anafanya kibarua," alimwambia Kiran. "Hana watoto jamani?"

"Nani?"

"Wafanyakazi wa mwenye nyumba, wanafagia uani." Akafunga pazia, maana Aarohi alikuwa hajaamka, na makelele yale yangemwamsha.

Kwenye saa sita ukapanda moshi, na harufu ya nyama ikaingia hadi jikoni. Urmila akambeba mtoto akashuka, eti kumwotesha jua. Akakuta meza imewekwa thamosi za kahawa na mikate mitamu ya iliki, na mwanamume wa masharubu anageuza soseji kwenye jiko la mkaa. Yule mwanamume alimtazama, akamnyooshea soseji moja kwenye karatasi. Urmila akapokea, akapaka haradali. Akaongezwa, akala. Bibi mfupi naye akavua glovu, akapanguza mikono kwenye suruali, akamchukua Aarohi.

"Anaitwa nani?"

"Aarohi."

"Mimi Hilkka. Wa ghorofa ya chini."

Kumbe ndiye kofia nyekundu! Aarohi akamvuta pua, Hilkka akacheka, na Urmila akageuka upande afute machozi. Lile la kwamba kibarua anaishi nyumba moja naye hakulifikiria hata kidogo. Furaha ilikuwa imemjaa. Akawapigia simu vijana wawili wa kwao waliokuwa hosteli: "Njooni mbio, jengo letu lina sherehe. Ni bure!" Wakaja na baiskeli, wakala kama watu waliofunga siku nzima. Na kabla ya kupanda, Urmila akajaza sahani soseji za Kiran na mikate juu yake, kwa sababu kwao huwezi kutoka karamuni ukarudi mikono mitupu kwa aliyebaki nyumbani. Mwenye masharubu aliitazama ile sahani, akawatazama wenzake, akarudi kutazama moto.

Jumatatu, wakati wa kahawa pale chuoni, Urmila alimsimulia Veera, mwanafunzi mwenzake mzaliwa wa hapo hapo.

"Majirani zangu wana roho nzuri, we acha tu! Tulikula tukasaza."

"Aa, msaragambo wa baada ya theluji," Veera akasema. "Sisi nyumbani tulifanya juzi, mgongo hadi leo unauma. Wewe ulipewa kazi gani?"

"Kazi? Ya kula!"

Veera hakucheka. Alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari.

"Urmila. Wale hawakuajiriwa. Ni wapangaji. Wote mnatoka, mnasafisha, halafu mnakula."

"Na asiyetoka?"

"Anakaa ndani. Hashuki wakati wa soseji."

Urmila alisikia masikio yanamwaka. Kibaya zaidi, jambo lenyewe alilijua tangu utoto. Kijijini kwa bibi yake walipandiana mpunga kwa zamu, na mtu aliyefika kwenye chakula na miguu safi, bila tope, alisemwa hadi mavuno. Yeye mwenyewe, akiwa mdogo, aliwahi kumcheka mtu kama huyo. Sasa miguu safi ni yake, tena ameita na wageni, tena amefunga na vya kubeba!

Kuanzia siku hiyo alitega sikio mlangoni kabla ya kutoka. Ngazi zikiwa kimya, anashuka mbio. Lakini Aarohi alishapata mtu wake. Kila wakipita ghorofa ya chini aliupiga mlango wa Hilkka kwa viganja, "pa, pa, pa," na Urmila akamkwapua kama mwizi anayekimbia na kuku.

"Nenda ukaombe radhi," Kiran alisema.

"Niseme nini? Samahani kwa soseji?"

"Sema hivyo hivyo. Mimi mbona nilizila?"

"Wewe nyamaza!"

Alhamisi Aarohi alimponyoka. Pa, pa, pa. Mlango ukafunguka.

Urmila aliinamisha kichwa. "Hilkka, ile Jumamosi... sikujua. Nilidhani nyinyi ni vibarua."

"Ndiyo. Ulikula bila kufanya kazi," Hilkka akasema, wala hakupunguza makali. "Tuliona. Tauno, yule wa masharubu, alisema mikono yako ni ya chuo kikuu, tumbo ndilo la kazi."

Urmila alitamani ngazi zimmeze.

"Ungeuliza," Hilkka akaendelea. "Na sisi tungegonga mlango wako. Miezi yote hii hakuna aliyegonga. Hilo ni letu, kila mtu abebe lake." Akamnyanyua Aarohi. "Una nguvu? Kochi langu limekufa, na lile kontena la taka lililoletwa uani linaondoka kesho."

Kochi lilitoka mlangoni vizuri, likakwama kwenye kona ya ngazi za kutokea nje. Urmila alisukuma hadi jasho likamtoka. Mlango wa pili ukafunguka, akatoka mwenye masharubu, miguuni soksi tu.

"Leo hakuna soseji," Tauno akasema. "Umeambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Basi inua upande wako."

Urmila akainua. Uso ulikuwa unamwaka, hakuweza kumtazama yule mtu. Akakazia macho miguu ya kochi, akashuka kinyumenyume, ngazi baada ya ngazi, na kule juu Hilkka alikuwa anamwambia Aarohi jambo refu kwa Kifini, naye Aarohi anamjibu kwa Kinepali.