Nilimjibia Mdogo Wangu Kule Buganguzi

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya yalinitokea mimi mwenyewe, saa nane mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Sikusimuliwa. Wala sisimulii ili unionee huruma. Huruma ya mama yangu mzazi nimeikosa, yako itanisaidia nini?

Mimi ni Mkenya, kwetu Bungoma. Huu ni mwaka wa sita naishi Bukoba. Nina saluni ndogo pale Kashai na chumba cha kupanga nyuma yake. Kihaya nilifundishwa na wateja, kichwa baada ya kichwa, mpaka nikaanza kujiona mwenyeji. Nilijua kupiga magoti nikimwamkia mzee. Nilijua kwamba mgeni akipewa akamwani, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo watu hutafuna, hakatai. Kumbe nilijua juujuu tu, lakini nani angeniambia?

Mwaka jana mama alikuja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Alikuja na mdogo wetu wa mwisho, Wafula. Baba alifariki Wafula akiwa bado ananyonya, na sisi wakubwa tulipotawanyika, yeye ndiye aliyebaki na mama. Analima, anakama ng'ombe, anampeleka kliniki ya presha. Mama alizoea kusema mbele yetu, bila kumung'unya maneno, kwamba sisi wengine ni wapita njia, mtoto anaye mmoja. Iliniuma, sikatai. Labda ndiyo maana wiki ile nilitaka sana mama anione na mimi ni mtu.

Basi nikawazungusha. Ufukweni, sokoni, makanisani, mpaka mama akalalamika miguu. Niliwanunulia senene, wale panzi wa kukaanga, mama akawatazama, akasema kwao wanakula kumbikumbi, hana la kusema. Kila kitu nilikieleza, hata nisichoulizwa. Wafula akawa ananitania, "Dada, wewe sasa ni Mhaya kushinda Wahaya wenyewe." Nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe.

Siku ya nne tukaenda Buganguzi, Muleba, kwa mteja wangu Mama Koku, aliyetualika chakula cha mchana. Tulipomaliza kula, mama akanyoosha miguu kwenye mkeka, nami nikamwambia Wafula twende nikamwonyeshe migomba na mibuni. Mama Koku akatuwahi, "Msiende mbali, jamani, mvua hiyo inakuja." Nikamjibu kwamba njia nazijua. Nilikuwa nimefika pale mara mbili tu.

Wafula alikuwa anamenya muwa kwa kisu huku tunatembea, akajikata kidole. Hapo hapo mvua ikaanza. Mbele yetu nikaona kibanja, shamba la nyumbani, kizuri ajabu, migomba imetandazwa nyasi chini, hakuna gugu hata moja, na nyumba ya bati yenye kibaraza. Tukakimbilia pale. Kibarazani alikuwa amekaa mzee mmoja amevaa kanzu nyeupe. Niamini, ile kanzu haikuwa na tone la tope, na barabara zote siku hiyo zilikuwa tope.

Nikapiga magoti, nikamwamkia Kihaya. Aliitikia, lakini hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia Wafula. Akamwita kwa mkono, akakishika kile kidole chenye damu, akakipangusa kwa dole gumba lake. Kisha akatoa tunda moja la kahawa, jekundu, lisilochemshwa. Akalipasua kwa meno. Ndani punje mbili. Akazibingirisha kiganjani kwa dole lile lile lenye damu, akaniuliza mimi kwa Kihaya, "Huyu atanitunzia kibanja?"

Wewe ungefanya nini? Mzee wa peke yake, mvua inanyesha, anauliza swali la kutania mgeni. Nilipaswa kumtafsiria Wafula. Lingekuwa jambo la sekunde tatu. Lakini nilishachoka kutafsiri siku nne, na nilitaka mzee aone ninavyokijua Kihaya. Nikacheka, nikamjibu, "Ego, waitu." Yaani ndiyo, bwana wangu.

Mzee akatia punje moja mdomoni mwake, nyingine akampa Wafula.

"Sasa hii nakula aje?" Wafula akaniuliza.

"Tafuna tu. Ukikataa ni kama umemtukana."

Akatafuna. Alikunja uso, akameza. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, na mvua ikakatika.

Tuliporudi, Mama Koku akauliza tulijikinga wapi. Nikamweleza nyumba na mzee na kanzu. Alijifunga kitenge vizuri, akasema twendeni, na mama yangu akatufuata nyuma, hajui hili wala lile.

Sasa sikiliza. Mahali ni pale pale. Ule muwa wa Wafula ulikuwa bado umeanguka chini. Lakini kibanja kilikuwa pori. Magugu yamefika kifuani, migomba imekauka, bati limeporomoka upande mmoja. Chini ya mgomba mmoja kulikuwa na kaburi la saruji, limepasuka, miti imeota ndani ya ufa. Mama Koku akasema mzee yule alikuwa na watoto wanne, wote wako nje, na hakuna hata mmoja aliyekuja kumzika. Majirani ndio waliochimba. Saruji watoto waliituma tu kwa mtu wa pikipiki.

Kisha akanigeukia. "Ile kahawa ilitoka kwenye kikapu, au alipasua tunda?"

"Alipasua tunda."

Akakaa chini, pale pale kwenye majani mabichi. Akatueleza kwa Kiswahili, taratibu, ili mama naye asikie. Zamani huo ndio ulikuwa omukago, undugu wa damu. Watu wawili wanagawana punje mbili za tunda moja, zimepakwa damu, na kuanzia hapo nyumba ya mmoja ni ya mwenzake, na kaburi la mmoja ni kazi ya mwenzake. Lakini hauwi omukago kwa kutafuna tu. Lazima mtu aulizwe, akubali.

"Aliuliza kitu?" akasema. "Kama aliuliza na mkajibu, sema sasa hivi. Tutalikana neno hilo hapa kaburini kabla jua halijazama, na litaisha."

Mama yangu alikuwa ananitazama. Wiki nzima nilikuwa nimemwonyesha kwamba mimi najua. Nikasema, "Hapana. Hakuuliza kitu."

Wafula hakuelewa lile swali la mzee, lakini alinisikia nikijibu. Alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Hakunisaliti. Mpaka leo nikikumbuka jinsi alivyonyamaza, chakula kinanishinda.

Wakarudi Bungoma salama. Wiki ya tatu mama akanipigia: Wafula ameamka, hajakama ng'ombe, ametoka bila viatu. Siku mbili baadaye Mama Koku naye akapiga. Wafula yuko kwenye kaburi, anang'oa miti kwa mikono.

Mama alikuja na basi peke yake. Tulimkuta Wafula kibarazani. Alikuwa ameshalirudisha bati. Alisimama, akatuamkia kwa Kihaya safi, kile cha wazee, ambacho hata mimi nakipata nusu nusu. Akaingia ndani, akatoka na kikapu cha akamwani, akampa mama kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni wa heshima. Mama akamwita jina lake, akamwita baba, akamwita tena. Yeye akaniuliza mimi kwa upole huyu bibi ametoka wapi, na kwa nini analia.

Ndipo nikamwambia mama ukweli. Hakunipiga. Alisema tu, "Ungesema." Akapanda basi la kwanza.

Mimi na Mama Koku tumekwenda kanisani, tumekwenda kwa waganga, tumekwenda polisi, wakasema mtu mzima anaishi anapotaka. Mimi mwenyewe nimelala juu ya kaburi lile nikasema niliyejibu ni mimi, nichukue mimi. Wapi! Majirani wanamsifu. Wanasema kibanja kimefufuka, mibuni inazaa, kijana ana bidii. Nawachukia kwa kusema hivyo, na ni kweli wasemayo. Bungoma mama anakama mwenyewe, na presha ile ile. Simu zangu hapokei.

Kwa hiyo wewe unayeishi ugenini, ndugu zako wakija, watembeze, wapikie, jisifu kidogo kama lazima. Lakini wakiulizwa swali, usiwajibie. Na kama umeshawajibia, sema siku hiyo hiyo, aibu ikuue mbele ya mama yako, angalau utakufa ukiwa na mama.