Mvule Usiozaa

Baba yangu alifanya kazi kwenye kitalu cha miti miaka thelathini na moja, na wenzake walimwita Bwana Ndoo kwa ile ndoo ya kumwagilia isiyomtoka mkononi. Kanuni yake ilikuwa moja: kisichozaa kikatwe. Nyumbani aliikata mipapai dume yote. Mama alipolalamika, alimwonyesha mapapai yaliyoning'inia kwenye iliyobaki. Hakujiuliza hata siku moja mbona ua wa jirani ulijaa madume.

Kwenye msitu wa nyuma ya kitalu ilibaki mivule miwili tu. Mingine yote ya msitu ule ilishageuka vitanda na makabati ya watu. Mmoja ulizaa kila mwaka. Wa pili ulichanua, ukapukutisha, basi. Kabla ya kustaafu, baba alitaka kitu kimoja: miche mia ya mvule irudi msituni.

Ofisi ilipojenga ghala la mbegu, likaja agizo la mbao za mlango. Mkuu wa kitalu alitaka kukata mvule wenye matunda, kwa kuwa ulikuwa karibu na barabara. Baba akamjia juu, nusura afukuzwe kazi.

"Kateni ule mwingine," alisema. "Unakula ardhi bure."

Wakamsikiliza. Siku hiyo alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Msimu uliofuata haikuota hata mbegu moja. Baba akalaumu udongo, akalaumu panya. Mwaka wa pili akanigeukia mimi, maana nilimsaidia kumwagilia trei za mbegu alipolazwa na malaria. Alisema nimezizamisha mbegu zake. Hasira zilinipanda, nikamwambia amwagilie mwenyewe, na sikukanyaga kitalu mwaka mzima. Najuta mpaka leo, kwa sababu mwaka huo alizeeka peke yake na trei zake tupu.

Siku niliyorudi, mama alikuwa amenituma nimpelekee baba chai. Nilimkuta na mtaalamu wa mbegu, msichana wa rika langu, amepiga magoti chini ya mvule anapasua mbegu kwa wembe. Ndani hamkuwa na kitu. Akapasua nyingine, kisha nyingine, halafu akainua macho.

"Mzee, mti huu ni jike. Dume lake liko wapi?"

Baba aliuliza kama mvule nao una dume. Dada yule akamweleza taratibu, kwa heshima, kwamba bila chavua ya dume matunda yatakuja lakini mbegu zitakuwa makapi.

Baba aliiweka ndoo chini. Alitembea mpaka kwenye ghala, akauwekea mlango kiganja.

"Ni huu, mwanangu," alimwambia yule dada.

Halafu akanitazama mimi.

"Na wewe ulimwagilia vizuri."

Niliichukua ndoo nikaenda kuijaza bombani, ingawa kwenye trei hapakuwa na cha kumwagilia.