Sabuni ya Kwanza ya Mama

Wiki iliyopita tulifua nguo za mama. Matanga yalikuwa yamekwisha, wageni wamerudi makwao, na shangazi akanipa mche wa sabuni aliokuwa ameukuta nyuma ya mlango wa jikoni. Ulikuwa wa njano iliyofifia, mgumu kama jiwe la mtoni. Nilipoulowesha, harufu ikapanda: mawese, moshi wa mkaratusi, na kwa mbali kitu kikali kinachochoma pua. Bila kufikiri, nikaugusa kwa ncha ya ulimi.

"Ee Masika, njaa imefika kule?" shangazi akasema. "Unakula na sabuni?"

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa na miaka minane tena, katika ua mwingine wa Butembo, asubuhi ya ukungu.

Ua huo tuliuita Kwa Bamama. Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali nyuma ya parokia, ambayo wanawake wa mtaa walikuwa wameitenga kwa ajili ya mama waliopigwa nyumbani, wao na watoto wao. Mama alifika huko mkono wake wa kushoto ukiwa umefungwa kwa kitenge, na mimi nyuma yake nimevaa sufuria kichwani kama kofia, maana mvua ilikuwa inanyesha.

Baba ndiye aliyeuvunja mkono huo, kwa sababu chumvi ilizidi kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya mhogo. Sitalificha hilo. Na sitaficha hili pia: nilimpenda sana baba. Alikuwa akinunua samaki ziwani Kyavinyonge na kuwauza sokoni Butembo, na jioni alinibeba mabegani, nami nikishika masikio yake kama usukani wa pikipiki, tukanguruma mpaka mlangoni. Mimi hakunipiga hata siku moja. Mtoto hajui kuyaweka mambo hayo mawili katika kikapu kimoja. Mimi niliyesoma kidogo na kuishi zaidi, bado sijui vizuri.

Mkubwa wa nyumba ile alikuwa Mama Kahindo, mwanamke mnene mwenye sauti nzito kama ya wanaume wa nyuma katika kwaya. Siku ya pili alimpa mama chungu, mafuta ya mawese yaliyoletwa kutoka upande wa Beni, na sude, ile dawa kali inayogandisha mafuta yakawa sabuni. Mama alikoroga kwa mkono mmoja, mwanamke mwingine akashika chungu. Sabuni ikamiminwa katika kisanduku cha mbao, ikakatwa kwa waya, ikapangwa kivulini juu ya rafu, kila mche ukiwa na alama ya mwenyewe. Mama alichora jani.

Kila mama aliyefika alipika hivyo sabuni yake ya kwanza. Na nyumba ilikuwa na sheria moja: mpaka sabuni hiyo ikauke, hakuna mtu wa kumwuliza kama atarudi kwa mume au hatarudi. Si padri, si wakwe, si sisi watoto. Alikula, alilala, na asubuhi aliingia katika chumba kidogo chenye viti viwili, ambamo mama mmoja alikuwa na kazi ya kusikiliza tu. Aliyetaka kusema alisema. Aliyetaka kunyamaza, walinyamaza wote wawili. Mume akija, aliambiwa langoni: "Sabuni yake haiyakauka, papa. Tutakuita."

Mtaa mzima ulijua maana yake. Siku moja nilitumwa kununua chumvi, nikamkuta baba njia panda, amesimama kati ya wenye pikipiki.

"Papa Masika!" mmoja wao aliita. "Sabuni ingali mubichi?"

"Muache, anaoga na majivu kwanza!" mwingine akajibu, na wote wakapiga honi.

Baba alicheka pamoja nao, lakini mshipa wa shingo yake ulisimama. Alinipa biskuti, akainama mpaka sikioni mwangu. "Umwambie mama yako akaushe mbio," akasema.

Nilikula biskuti njia nzima nikiwaza. Kumbe jambo lilikuwa rahisi hivyo! Watu wazima walikuwa wanangoja kitu ambacho jua lingekimaliza kwa siku moja.

Kesho yake ukungu uliondoka mapema. Wanawake walikuwa ndani, wakiimba huku wanachambua maharage. Nilibeba sabuni za mama mche kwa mche, nikazipanga juu ya bati katikati ya ua. Nakumbuka mwanga wa siku ile kuliko ninavyokumbuka nyuso: mweupe, mzito, na sabuni ziking'aa kama vipande vya mahindi vya majitu. Nilikaa kando nikizitazama, nikasinzia. Ndotoni nilikuwa mabegani mwa baba.

Nilipoamka, sabuni zilikuwa zinatoka jasho. Nyingine zilikuwa zimepinda kama ndizi, nyingine zimepasuka, na wanawake walikuwa wamesimama kunizunguka.

"Nani ametoa sabuni ku jua?" Mama Kahindo aliuliza.

"Ni mimi."

"Juu ya nini?"

"Ikauke mbio. Twende kwetu."

"Aa! Huyu njo avoka ya baba yake, anamutetea," mwanamke mmoja akasema. Wakacheka, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu mama alikuwa amefika.

Hakunigombeza. Aliokota mche mmoja, akaugusa kwa ncha ya ulimi, akafumba macho. Halafu akanipa. "Lamba kidogo tu."

Nililamba. Ulimi uliniuma kana kwamba nimelamba moto, nikatema mate, nikalia.

"Unaona?" mama akasema taratibu. "Inje imekauka. Ndani sude ingali inauma. Sabuni iko na siku zake."

"Sabuni ya mbio inafua ngozi ya mwenye kufua," Mama Kahindo akaongeza, maana alikuwa na msemo kwa kila ajali. Akaokota zilizobaki. "Hapana lia, mutoto wangu. Tutairudisha ku chungu."

Ikavunjwavunjwa, ikayeyushwa, ikamiminwa upya. Kwa haraka yangu nilikuwa nimetuongezea majuma mengine.

Majuma hayo yamebaki kwangu kama usingizi mmoja mrefu. Ukungu uliingia mpaka chini ya vitanda. Dada mmoja alitufundisha sisi watoto kuchora, na mimi nilichora baba na samaki, kila siku baba na samaki, wala hakuna aliyeniambia nichore kitu kingine. Mkono wa mama ulifunguliwa, mwembamba, mweupeupe kama mhogo uliomenywa. Usiku aliulaza juu ya tumbo langu ili upate joto.

Kisha asubuhi moja mama aliulamba mche wa sabuni, akauweka chini, akatabasamu. Mchana nilikuta vitu vyetu vimefungwa katika kitenge, sufuria juu. Sikuthubutu kuuliza. Nilivaa viatu, nikakaa kando ya ule mzigo.

Baba aliitwa, akaja Jumapili baada ya misa. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mkononi alikuwa na samaki wanne wa kukaushwa, wamefungwa kwa kamba. Walimketisha kwenye benchi, mama akaketi mbele yake, Mama Kahindo pembeni.

"Niliomba pardon mbele ya padri," baba akasema. "Pombe niliacha. Nyumba niliweka bati mupya. Sasa, nimekuya kutwaa batu bangu."

Yote yalikuwa kweli. Bati nililiona baadaye kwa macho yangu.

Mama akauliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba maji: "Na siku chumvi itazidi tena mu sombe?"

Baba alimtazama, akamtazama Mama Kahindo, akatabasamu kama aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Basi usizidishe," akasema.

Hakupiga kelele. Mimi sikusikia ubaya wowote. Niliona jibu ni zuri, tena fupi. Lakini mama alisimama, akakunjua kitenge chetu, akatoa sufuria, akairudisha jikoni.

"Hapana, Papa Masika," akasema akiwa amempa mgongo. "Sitakuya."

Baba alitoka. Samaki aliwaacha kwenye benchi. Tuliwala jioni ile. Nitasema ukweli: walikuwa watamu, na mimi nilikula nikimchukia mama.

Nilimchukia muda mrefu. Alipanga chumba, akapika sabuni, akaniweka shuleni mpaka alipoweza. Baba alikuja kuniona Kwa Bamama mara moja kwa mwezi, akileta samaki. Nami nilijiambia kwamba mwanamke huyu alivunja nyumba kwa sababu ya maneno mawili.

Mwaka huu, alipokuwa kitandani, nilimwuliza kwa nini alikataa. "Nilikuwa nimefunga mizigo, Masika," akasema. "Nilitaka kurudi kuliko wewe. Nilingoya tu aseme: tutakula vile vile."

Siku ya matanga baba alikuja. Amezeeka, anatembea na fimbo. Alikaa mwishoni mwa benchi, mbali na wanaume wengine, na mimi nikampelekea sahani ya bugali na sombe. Shangazi zangu walikuwa wamepika wakilia, kila mmoja akatia chumvi bila kujua kama mwenzake ametia. Watu walikuwa wanaonja na kuacha, wanaomba maji.

Baba alikula taratibu, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikawa nyeupe. Alinirudishia sahani kwa mikono miwili.