Mkono wa Mama Mkwe

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili kumi na saba, wauguzi walipogoma. Hapana, mgomo ulikuwa umeshaisha, basi ni wa kumi na nane, ule wa mvua nyingi, maana pikipiki ya Runji, yule wa bodaboda, ilifika imejaa matope hadi kwenye taa.

Njura ni mtu wa Kanja, kule Embu, lakini alioa Kanyakine, na kazi ya uuguzi ikamleta dispensari ya hukohuko kwa wakwe. Watu walimtania: "Daktari, sasa utadunga sindano ukoo mzima wa bibi yako." Naye alicheka.

Siku hiyo Runji alimleta mama mkwe wake Njura, mama wa mkewe Kiende. Alikuwa akiwakatia ng'ombe majani, akateleza, panga likamkata paja, juu kabisa. Leso ilikuwa imelowa damu. Kazi yenyewe Njura aliijua kama jina lake: funua, kandamiza, usiachilie. Lakini mtu hamwoni mama mkwe mapaja. Miaka tisa hawakuwa wamepeana hata mkono. Na mama mwenyewe alikuwa ameishika ile leso, ameibana kwa vidole.

"Runji, kimbia umwite Sista Phyllis. Yuko sokoni anakunywa chai."

"Na wewe, daktari?"

"Nimesema kimbia."

Akaweka pamba na bandeji karibu na mama, akageuka, akatazama karatasi ya chanjo ukutani. Nyuma yake akasikia, "Njura." Jina tupu.

"Phyllis anakuja, mama."

Phyllis alipofika aliifunua leso bila kuuliza mtu, akakandamiza. Baadaye kidogo akaacha, akamfunika mama uso.

Nyumbani Kiende alimuuliza mumewe jambo moja tu. "Baba Bundi, ulimfanyia kila kitu?"

"Nilifanya."

Akamshukuru. Lakini kwenye matanga wazee wakamsifu Njura mbele ya watu: huyu ni mkwe mwenye adabu, hata kwa shida ile hakumfunua mama. Kiende akainua uso kutoka kwenye sufuria, akamtazama, akarudi kukoroga. Njura akaangalia viatu vyake.

Hata leo, mgonjwa akiingia, Njura hufunua kidonda kabla ya kusalimia. Na humsimamisha Runji njiani, kila mara, mpaka Runji ameanza kujifanya anakagua tairi, akimuuliza:

"Ule mkono wa mama juu ya leso, ulikuwa unanizuia mimi, au ulikuwa unaziba damu?"