Mdoli wa Kijerumani Tuliouogesha

Harufu ya majivu yaliyolowa hunirudisha nyumbani kwetu, nje kidogo ya Songea, msimu ule mahindi yetu yalipogeuka manjano yakiwa yamefika magotini tu. Ruzuku ilikuwa imeondolewa. Mbolea ilijaa madukani, lakini ya wenye nazo. Tusipoipata kabla mahindi hayajatoa mbelewele, ilikuwa njaa mwaka mzima, na baba alikwishaacha kwenda shambani kwa uchungu wa kuyatazama. Ndipo tukasikia kuna bwana kutoka Dar es Salaam anayepita vijiji vya upande wa Peramiho akinunua midoli ya kale ya Kijerumani. Mama alipiga kigelegele. Sandukuni tulikuwa nao mmoja, wenye kichwa cha kauri, ambao bibi alipewa na sista wa misheni alipokuwa msichana. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwetu mgeni hapewi kitu kichafu. Mama aliusugua mdoli kwa majivu na gunzi mpaka wekundu wa mashavu ukatoka na mhuri wa wino mgongoni ukafutika. Mimi, binti wa miaka tisa, nililichoma gauni lake lililoliwa na mende, nikaushonea jipya la kitambaa cha mitumba chenye maua makubwa. Nilijiona fundi kwelikweli. Tuliupaka hata mafuta.

Bwana yule alifika, akamwamkia mama, akaugeuza mdoli mara mbili.

“Gauni lake la zamani liko wapi, mama?”

“Lilikuwa limechakaa, mwanangu. Tumelichoma.”

Akaulaza mkekani taratibu, akashukuru kwa maji ya kunywa, akaondoka. Mama alimfuata hadi barabarani akimsihi autazame tena. Mfa maji haachi kutapatapa. Aliporudi aliuchukua mdoli, akaanza kuusugua upya. “Haujatakata,” alisema. Mwaka ule tulikula mizizi ya porini. Baba alikwenda Namtumbo kufanya kibarua kwenye mashamba ya tumbaku, na hakurudi tena kwetu.

Leo nami ninakusanya midoli hiyo. Ninayo sita kabatini, na ninajua kwamba wanunuzi hutafuta rangi ile ile ya kiwandani, gauni la kwanza na mhuri. Tulichokiosha ndicho alichokifuata. Siku hizi mbolea ninamnunulia mama kila msimu bila shida, na moyo hautulii. Akinitembelea husimama mbele ya kabati, mzee sasa, akatikisa kichwa.

“Ule wetu tungeusugua siku moja zaidi,” husema, “baba yako asingeondoka.”

Nami humwitikia, “Ndiyo, mama.”