Kitabu cha Tatu cha Joan Chepkirui

Mimi nauza mitumba Silibwet tangu mwaka wa themanini na saba. Vitabu sikuvitafuta, vilinifuata. Mwaka wa 1994 meneja mmoja mzungu wa shamba la chai upande wa Kericho alimaliza kazi yake, na mkewe akatoa vitu vya nyumba kwenye nyasi ili auze. Nilikwenda kwa ajili ya mapazia na sufuria. Bei ya sufuria haikunipendeza, nikainuka kama mtu anayekwenda zake. Yule mama akaona haya, akaniongezea katoni ya vitabu. Ndani mlikuwa na majarida ya ushonaji na vitabu sita vinene vya Kiingereza, kila kimoja na picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu amesimama kwenye ukungu. Mgongoni vilikuwa na namba. Mimi sikujali. Namba ninayoijali ni ya viatu.

Kimoja kilikuwa kimelegea gamba. Hicho nilimpa Nyanchama, anayeuza njugu karibu na stendi, pamoja na majarida yote, achane karatasi za kufungia. Akanipa njugu za wiki mbili, nikaona nimefanya biashara. Vitano vilivyobaki nikavipanga mbele ya sweta.

Hivyo ndivyo Joan Chepkirui alivyokuja kwangu. Alikuwa binti wa kwanza wa mzee Kiplimo, mwenye chai ule upande wa mto, miaka ishirini na minane, mwalimu wa nasari ya kanisa. Asubuhi alichuma majani ya baba yake, saa tatu alikuwa na watoto, jioni alikuwa kituo cha majani akingoja lori kama kila mtu. Aliinua vile vitabu, akavigeuza, akachagua kimoja tu. Nikamwambia kile kingine kina picha nzuri zaidi. Akasema hiki ndicho cha kwanza. Tukaelewana kwa trei moja ya mayai.

Lori la majani lilikuwa na tabia ya kuchelewa, na wanawake waliokaa juu ya vikapu vyao hawana kazi isipokuwa kusemana. Joan alikuwa akisoma hapo. Wakamuuliza anacheka nini, akaanza kuwasimulia kwa Kipsigis, sura kwa sura. Nilikuwa nikipita pale kuuza khanga, kwa hiyo nilisikia. Binti mfalme anaitwa Maravel. Amempenda mfalme aliyechongwa kwa barafu, na kila akimgusa, mfalme anasahau kitu kimoja: leo jina la mama yake, kesho njia ya kurudi nyumbani. Mama mmoja akasema wangu husahau bila kuguswa. Mwingine akasema mfalme huyo asikaribishwe jikoni. Lakini siku Joan alipokosa kuja, walimtuma mtu akamwite.

Alimaliza cha kwanza, akaja kwa cha pili. Alimaliza cha pili, akaja akauliza cha tatu kiko wapi. Nikamwambia cha nne hiki hapa. Akasema hapana, hii hadithi ina mpangilio wake, ukiruka utamkuta mtu amezikwa na hujajua aliugua. Nilijua kabisa cha tatu kilikokwenda. Sikumwambia, maana angejua hakipo, vitatu vya mwisho vingenilalia. Nikamwambia nitaangalia katika mzigo ujao.

Sasa, kwao kulikuwa na jambo. Mdogo wake Sally, wa miaka ishirini na miwili, alitakwa na Kipkosgei, dereva wa kiwanda cha chai, kijana mwenye adabu. Watu wa Kipkosgei walishauliza siku ya kuja kwa koito, ile siku wazee wa pande mbili hukaa wakapatana. Mzee Kiplimo aliwajibu kwamba nyumba yake ina mlango mmoja na wa kwanza kutoka ni wa kwanza kuzaliwa. Wazee wengine siku hizo walikuwa wamelegeza. Yeye hakulegeza. Badala yake akamtafutia Joan mtu: Isaiah, mjane wa Kiptere, mwenye watoto wanne na ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, mtu asiye na ubaya wowote ambao ungeweza kuutaja.

Joan alisukumwa tangu mwaka mpya. Mama yake alimweleza, shangazi zake walimweleza, mchungaji naye akapitia. Mwezi wa tano, siku walipomzingira jikoni wote, alisema atatoa jibu. Atatoa jibu siku atakapomaliza vitabu vyake, vyote sita, kwa mpangilio. Mjini wangemcheka. Lakini kwa mzee Kiplimo neno ni neno. Binti amesema vitabu sita, basi avisome, halafu aseme. Akatangaza hivyo hata kwa watu wa Isaiah, na watu wa Isaiah wakakubali kungoja.

Wakangoja. Juni ikapita, Julai ikapita. Joan hakuwa akisoma chochote. Kila alipoulizwa alisema cha tatu hakijafika.

Mwanzoni mwa Agosti mama yake alikuja kwangu, kuku chini ya kwapa. Mama yule haongei sana. Aliniambia anataka kitabu chenye namba tatu, na kwamba kuku ni wa kuanzia tu. Nilimtazama yule kuku. Mtetea wa kienyeji, wa kutaga. Nikamwambia mama Joan, wewe tulia.

Nakuru naendaga kila mwezi kuchukua marobota. Nyuma ya stendi kuna watu wanaopanga vitabu vya zamani chini kwenye gunia. Nilikuwa na kile cha nne mkononi cha kulinganisha, nikawaonyesha mmoja mmoja, nikijifanya nanunua kamusi. Wa tano alikuwa nacho. Mwanamke yule yule, ukungu ule ule, namba tatu. Nikasema kwamba kimeliwa na panya ukingoni, na kweli kilikuwa kimeliwa, nikakipata kwa blauzi mbili. Nilirudi nikijisikia mtu wa maana. Nilimpelekea mama Joan mwenyewe mpaka nyumbani, nikapewa kuku wa pili, na vile vitatu vya mwisho vikachukuliwa siku hiyo hiyo.

Kesho yake Joan alisimama mbele ya meza yangu.

"Mama Mosoti," akaniambia, "nani alikutuma Nakuru?"

"Mama yako. Si ulikuwa unakitafuta?"

Akafungua Biblia yake akatoa karatasi iliyokunjwa, yenye alama ya mafuta ya njugu. Ilikuwa ukurasa wa kitabu. Jina la Maravel lilikuwamo mara tatu.

"Niliununua kwa Nyanchama mwezi wa nne," akasema. "Nikamuuliza, akanionyesha gamba. Nilikuwa najua kimekwisha. Ndiyo maana nilisema vyote sita."

Nilichukua sweta iliyokwisha kukunjwa, nikaikunja tena. 

"Wewe pia ulijua," akasema. "Uliniambia mzigo ujao, mzigo ujao. Nikaona afadhali, huyu hatanisaliti, ana faida yake."

Nilimuuliza kwa nini asingemwambia baba yake tu kwamba hamtaki Isaiah. Akasema nyinyi wa sokoni mnaweza kukataa kitu na kesho mkasalimiana. Akarudisha ile karatasi ndani ya Biblia, akaenda.

Basi akasoma. Ilibidi. Wanawake wa kituo cha majani walifurahi hadithi imerudi, lakini wao wenyewe waliona haisimuliwi kama zamani. Alikuwa akisoma kurasa nne, tano, anafunga. Nyumbani mzee Kiplimo, ambaye hajui Kiingereza, alijifunza kutazama alama ya uzi ambayo Joan aliiweka ndani, na jioni aliuliza mbele ya ugali, umefika wapi. Sally ndiye aliyejibu mara nyingi. Sally alijua kurasa za dada yake kuliko mwenye kitabu. Mia mbili na kumi. Mia mbili na kumi na tatu. Siku moja alimwambia Joan kwamba hata mtoto wa nasari angekuwa amemaliza, na Joan akamjibu kwamba haraka ni ya nini, huyo Kipkosgei wake ana magurudumu, hatapotea. Wote wakacheka, isipokuwa Sally.

Cha tatu kilikwisha Septemba. Cha nne na cha tano vikaingia Oktoba. Mwezi wa kumi na moja, Jumamosi ya pili, Joan aliweka vitabu vyote sita mezani mbele ya baba yake, kwa mpangilio, na akasema amemaliza. Watu wa Isaiah walikuwa wameitwa. Akasema aliahidi jibu, na jibu ni hapana. Aliongeza kwamba Isaiah ni mtu mzuri na hana neno naye. Wanasema Isaiah mwenyewe alishukuru, akanywa chai yake, akaenda kukamua.

Mzee Kiplimo alisema vizuri, basi hakuna atakayetoka. Jumatatu asubuhi, watu wakiwa shambani, Sally alitoka. Alikwenda kwa Kipkosgei na begi moja, bila koito, bila mtu wa kumsindikiza, na mimba ya miezi minne.

Wiki ya tatu tangu hapo wazee wa Kipkosgei walikuja kuomba msamaha. Mimi hukodisha sufuria kubwa, kwa hiyo nilikuwa jikoni. Walileta ng'ombe wa kuombea msamaha, na zaidi yake mtamba mmoja, wakasema huyu ni wa yule dada aliyerukwa, asione amedharauliwa. Niliwasikia kupitia ukuta. Nilidhani mzee Kiplimo atawafukuza. Kufikia chakula cha mchana alikuwa amekubali, akitaka tu mtamba awe na masikio mazima. Nimefanya biashara miaka mingi, na sijaona mlango ukifunguka upesi vile. Hakuna aliyekuwa ameusukuma. Mtamba akaandikwa jina la Joan, akapelekwa zizini kwa ng'ombe wa baba yake.

Sally alikuwa amekuja nao, kitambaa kichwani, akakaa kwenye kigoda karibu na moto. Joan alikuwa akipanga vikombe. Walikuwa hawajaongea tangu Jumatatu ile.

"Dada, sikulaumu kwa kukataa," Sally akasema. "Isaiah hata mimi ningemkataa. Lakini ungekataa mwezi wa tano. Wangeleta huyo mtamba mwezi wa sita, na mimi ningetoka hapa mchana, mama akiimba."

"Nilijua cha tatu kimechanwa," Joan akasema. "Nilidhani wataacha kuniuliza."

"Na mimi? Ningengoja mpaka lini?"

Joan alikuwa na kikombe mkononi. Alimtazama mdogo wake usoni, kisha tumboni, kisha akasema anakwenda kuangalia maji, yamechemka. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na sufuria. Maji yalikuwa bado baridi.